Majira ya Joto Uingereza: Sherehe ya Ufalme na Meza ya Jirani

Watu wa Kenya, wakaao karibu na mstari wa Ikweta, huliona jua likichomoza na kutua karibu saa zile zile mwaka mzima. Uingereza sivyo. Mwezi wa Desemba mjini London jua hutua kabla ya saa kumi alasiri, na karani atokaye ofisini hurudi kwake gizani, kola ya koti lake imeinuliwa hadi masikioni. Lakini mwezi wa Juni jua huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, wala halitui mpaka saa tatu na dakika ishirini usiku. Watoto hulazwa huku mwanga wa jua ukiwa bado dirishani, na mkulima aweza kukata majani yake ya ng'ombe baada ya chakula cha jioni pasipo taa.

Kwa hiyo Waingereza, watu wasifiwao kwa ukimya na kwa kupenda kujifungia majumbani mwao, hutoka nje majira hayo. Maonyesho ya ukulima, michezo ya shule, arusi, mashindano ya kriketi na sikukuu za vijiji, yote hupangwa katika miezi mitatu hii mifupi. Hata siku ya kuzaliwa ya Mfalme imehamishiwa humo. Mfalme Edward VII alizaliwa mwezi wa Novemba, wakati wa baridi na ukungu, naye akataka sherehe zake zifanywe majira ya joto ili watu wapate kuzitazama kwa raha. Desturi hiyo imebaki. Malkia Elizabeth II alizaliwa tarehe 21 Aprili, 1926, na Mfalme Charles III tarehe 14 Novemba, 1948. Lakini gwaride la askari wa heshima, wenye makoti mekundu na kofia ndefu za manyoya, limekuwa likifanywa mwezi wa Juni.

Mara chache katika maisha ya mtu, sherehe kubwa ya Ufalme huangukia katikati ya shughuli hizo ndogo. Watu wa nchi nyingine huziona picha zake wakadhani kuwa ni jambo la London tu: farasi, magari ya dhahabu, na jamaa ya kifalme wakipunga mikono rohani. Hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili hufanywa vijijini na mitaani, na watu wasiolipwa hata senti moja, na hiyo ndiyo itengenezayo mambo yaliyoharibika katika miaka ya taabu.

KAMATI NA NAZI

Ili kufahamu jambo hili, yafaa kwanza kuiangalia sikukuu ya kawaida ya kijiji cha Kiingereza, ile ifanywayo kila mwaka hata kama hakuna habari yoyote ya Mfalme.

Kazi yake huanza wakati wa baridi. Huchaguliwa kamati yenye mwenyekiti, karani na mtunza fedha. Hukutana jioni katika ukumbi wa kijiji, wakabishana. Nani atatuazima hema? Nani atatuachia malisho yake, na je, ng'ombe wataondolewa siku ngapi mbele? Mvua ikinyesha tutakwenda wapi? Swali hili la mwisho si la mzaha, kwa maana mvua ya Uingereza haina majira.

Siku yenyewe ifikapo, akina mama huleta keki, mikate na jemu walizozipika wenyewe. Wengi wao ni wanachama wa Women's Institute, chama cha wanawake wa mashamba ambacho tawi lake la kwanza nchini humo lilifunguliwa mwaka 1915 katika kijiji cha Wales. Wanawake wa Kenya wanaokijua chama cha Maendeleo ya Wanawake, kilichoanzishwa mwaka 1952, hawatauona ugeni mkubwa katika kazi zao. Wazee huleta vitunguu, viazi na maharagwe ya bustani zao, wakavipanga mezani kwa mashindano. Waamuzi ni wakali. Hawatafuti ukubwa tu, bali mboga zilizolingana kwa umbo na rangi. Mtu aliyeshinda kwa vitunguu vyake miaka mitatu mfululizo huheshimiwa kijijini, tena huonewa wivu.

Watoto hukimbia mbio za magunia na mbio za yai na kijiko, michezo inayojulikana sana katika shule za Kenya. Wanaume huvuta kamba. Na karibu kila mahali pana kibanda cha kulenga nazi: nazi huwekwa juu ya miti, na mtu hulipa fedha kidogo ili azitupie mipira. Akiiangusha moja, ni yake. Watu wa Pwani watacheka kusikia kwamba kuna nchi ambayo mtu mzima hurudi nyumbani akijisifu mbele ya mkewe kwa sababu ya nazi moja!

Fedha zikusanywazo hutengeneza paa la kanisa, au sakafu ya ukumbi, au kununua vitabu vya shule. Haba na haba hujaza kibaba. Mwananchi wa Kenya aliyezoea harambee aweza kuingia katika mkutano wa kamati hiyo akaketi, na baada ya dakika kumi akajua hasa ni nani asemaye sana na ni nani afanyaye kazi.

Kila wilaya ina mambo yake. Huko Derbyshire, katika vijiji kama Tissington, watu huvipamba visima vyao. Huchukua mbao kubwa, wakazipaka udongo mbichi wa mfinyanzi, kisha wakachora picha juu yake kwa kubandika maua, mbegu na majani, moja moja, kwa siku kadhaa. Huko Gloucestershire vijana hulikimbilia jibini la mviringo lililotupwa kutoka juu ya kilima cha Cooper's Hill, na mlima ule ni mkali hata wengi hufika chini kwa kubingirika. Ukiwauliza faida yake, watajibu kuwa babu zao walifanya hivyo.

SIKU YA KUTAWAZWA, 1953

Sasa basi, tuone jinsi sherehe ya Ufalme iliavyokutana na desturi hizi.

Malkia Elizabeth II alitawazwa London tarehe 2 Juni, 1953. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha miaka minane nyuma, lakini Waingereza walikuwa bado wakinunua sukari, siagi na nyama kwa vipimo vya Serikali. Mama wa nyumba hakuweza kupika keki ya watoto kwa hiari yake, hata kama alikuwa na fedha. Kwa ajili ya siku ile Serikali ilimpa kila mtu ratili moja ya sukari zaidi. Na watu waliotaka kumchoma ng'ombe mzima kwa karamu ya kijiji walipaswa kuomba ruhusa. Walipewa wale tu walioweza kuonyesha kuwa kijiji chao kilikuwa na desturi ya kufanya hivyo katika kutawazwa kwa wafalme wa zamani. Maombi 82 yalikubaliwa.

Mvua ilinyesha siku ile, na baridi ilikuwa kali kama ya Januari. Hata hivyo watu walilala kando ya njia za London usiku kucha. Wageni 8,251 walihudhuria ibada katika kanisa la Westminster Abbey. Askari wa nchi nyingi walipita katika gwaride, wakiwamo wa King's African Rifles. Malkia Salote wa Tonga alipendwa na umati kwa kuwa alikataa kufunika gari lake, akapita akilowa na kucheka.

Lakini watu wapatao milioni 27 walitazama sherehe ile katika televisheni, na televisheni zilikuwa chache. Basi majirani ishirini walibanana katika chumba cha mtu mmoja, mapazia yamefungwa ili picha ionekane vizuri, nao watu waliokuwa wakiamkiana tu njiani walijikuta wakishirikiana chai na sandwichi. Watoto walioandaliwa meza mitaani walihamishiwa katika kumbi na katika magereji kwa ajili ya mvua. Mtoto aliyekuwa na miaka saba siku ile huenda hakumbuki neno moja la Askofu Mkuu. Lakini anakumbuka keki.

Haifai kusahau kwamba siku hiyo hiyo Kenya ilikuwa chini ya Hali ya Hatari iliyotangazwa mwezi wa Oktoba, 1952, na kwamba katika nyumba nyingi za Nyeri, Fort Hall na Kiambu hapakuwa na furaha ya karamu. Mambo haya mawili yaliandikwa katika magazeti ya juma moja.

BINTI ALIYEPANDA MTINI

Kuna jambo lingine liunganishalo sherehe hizi na Kenya, nalo lahusu jamaa.

Usiku wa tarehe 5 Februari, 1952, Binti Mfalme Elizabeth na mumewe walikuwa Treetops, nyumba iliyojengwa juu ya mti karibu na Nyeri, wakitazama wanyama wakinywa maji. Usiku ule baba yake, Mfalme George VI, alifariki usingizini huko Sandringham. Habari zilimfikia binti mchana wa tarehe 6, alipokuwa amekwisha rudi Sagana Lodge. Alikuwa na umri wa miaka 25, naye alikuwa Malkia bila ya kujua.

Hivyo hesabu ya miaka ya utawala wake ilianza siku ya msiba. Ndiyo maana katika maisha yake yote Malkia Elizabeth hakupenda kuifanya tarehe 6 Februari kuwa siku ya shangwe. Kwa kawaida aliipitisha kwa utulivu. Shangwe za miaka 25, 50, 60 na 70 ziliwekwa mwezi wa Juni, wakati wa jua na wa ukumbusho wa kutawazwa kwake. Watu walioziona fataki na vibendera wakati ule hawakufikiri mara nyingi kuwa chini yake palikuwa na matanga ya mtoto kwa baba yake.

MIAKA YA TABU NA MIAKA YA SHANGWE

Anayezipanga sherehe hizi kwa miaka yake huona kwamba nyingi zilikuja baada ya taabu.

Mwaka 1977, wakati wa kutimiza miaka 25, bei za vitu Uingereza zilikuwa zimepanda vibaya, na magomvi ya wafanyakazi na mabwana yalikuwa mengi. Wengine walisema hakuna atakayejali. Lakini London peke yake iliripotiwa kuwa na karamu za mitaani zipatazo 4,000. Meza za shule na za makanisa zilibebwa barabarani, zikaunganishwa ncha kwa ncha, na kila nyumba ikaleta kiti chake na sahani yake.

Mwaka 2002, wakati wa miaka 50, taabu ilikuwa ya wakulima. Mwezi wa Februari, 2001, ugonjwa wa miguu na midomo ulivamia mifugo ya Uingereza. Wanyama zaidi ya milioni sita walichinjwa ili kuuzuia usienee. Njia za mashamba zilifungwa, na mkulima hakumkaribisha mwenzake kwa hofu ya kuletewa maradhi kwa viatu. Maonyesho makubwa ya ukulima ya mwaka ule yalifutwa. Miongoni mwao yalikuwa Great Yorkshire Show ya Harrogate, na Royal Show, maonyesho ya chama cha kifalme cha ukulima yaliyofanywa mara ya kwanza Oxford mwaka 1839.

Mkulima wa Kenya aelewa hasara hiyo pasipo kuambiwa. Maonyesho si mahali pa kutazama madume yenye utepe shingoni tu. Ni mahali ambapo mtu aliyekaa peke yake na ng'ombe wake mwaka mzima hukutana na mwenye shida kama yake, akauliza dawa, akasikia bei, akamtafutia mwanawe mchumba. Chama cha Maonyesho ya Ukulima cha Kenya, kilichoanza mwaka 1901, kilifuata mfano huo huo. Hivyo majira ya joto ya 2002, wakati wakulima wa Uingereza walipoweza kukutana tena katika viwanja vyao, furaha ilikuwa na sababu mbili. Royal Show yenyewe haikudumu. Baada ya hasara za fedha ilifungwa mwaka 2009. Ile ya Harrogate ingali hai, nayo hufanywa mwezi wa Julai.

Kisha ukaja ugonjwa wa korona. Katika miaka ya 2020 na 2021 sheria iliwakataza Waingereza kwa miezi mingi wasitembeleane. Wazee waliona wajukuu wao kupitia kioo cha dirisha. Zaidi ya watu 150,000 walikufa, na wengi walizikwa na watu wachache tu. Mumewe Malkia, Prince Philip, alifariki tarehe 9 Aprili, 2021, akiwa na miaka 99. Waliohudhuria maziko walikuwa 30 tu kama sheria ilivyoamuru, na mjane wa miaka karibu 95 alionekana ameketi peke yake kanisani, amevaa nguo nyeusi na barakoa. Kwa mara moja, Malkia na mwanamke wa kawaida walifanana kabisa.

MEZA KATIKATI YA BARABARA

Kwa hiyo ilipofika Juni, 2022, sherehe ya miaka 70 ilikuwa na uzito mwingine. Serikali ilitoa siku nne za mapumziko, tangu Alhamisi tarehe 2 hadi Jumapili tarehe 5. Usiku wa kwanza mioto zaidi ya 1,500 iliwashwa vilimani na katika nchi nyingine, kama walivyofanya watu wa kale kupeleka habari. Malkia alitokea rohani mwa jumba la Buckingham, vitukuu vyake wakiwa kando yake, na mmoja wao, mtoto wa miaka minne, aliziba masikio ndege za vita zilipopita. Kesho yake Malkia hakuweza kwenda ibadani katika kanisa la St Paul's kwa sababu ya udhaifu wa mwili.

Jumapili ilikuwa siku ya majirani. Tangu mwaka 2009 kulikuwa na mpango uitwao Big Lunch, ulioanzishwa na Eden Project ya Cornwall, wa kuwahimiza watu wa mtaa mmoja wale chakula cha mchana pamoja siku moja kila mwaka. Sababu yake ilikuwa ya kusikitisha: katika miji ya Uingereza mtu aweza kukaa miaka kumi asijue jina la jirani aliye nyuma ya ukuta wake, na mzee aweza kuugua siku nyingi pasipo mtu kubisha hodi. Mwaka 2022 mpango huo uliunganishwa na sherehe ya Malkia, na zaidi ya karamu 16,000 za mitaani ziliripotiwa kutayarishwa.

Kufunga barabara si neno la kusema tu. Hutakiwa kuandikia halmashauri ya mji wiki kadhaa mbele, kueleza saa za kufunga na kufungua, na kuwaarifu wenyeji wote. Kwa hiyo mtu mmoja hana budi kupita mlango kwa mlango na karatasi mkononi. Hapo ndipo kazi hasa ilipofanyika. Kabla ya kuonjwa keki hata moja, milango iliyokuwa imefungwa miaka miwili ilikuwa imekwisha bishwa hodi.

Na chai iliyonywewa mezani? Sehemu kubwa ya chai ya Waingereza hutoka Kenya. Majani yaliyochumwa Kericho na Limuru yalikuwamo katika birika zile, ingawa walio wengi walimimina tu bila ya kuuliza.

WALIOKATAA

Si Waingereza wote wapendao Ufalme. Wako wasemao kuwa haifai nchi huru kuwa na mkuu anayezaliwa badala ya kuchaguliwa, na kwamba gharama ni kubwa wakati watu wengine hawana chakula cha kutosha. Mfalme Charles III alipotawazwa tarehe 6 Mei, 2023, watu wa maoni hayo walisimama London wamevaa manjano na kuinua mabango, na baadhi yao walikamatwa na polisi, jambo lililoleta ubishi mkubwa. Katika mitaa mambo huwa mapole zaidi. Asiyetaka kuimba wimbo wa Mfalme haimbi. Lakini mara nyingi huja na bakuli lake la saladi, akaketi, maana meza si ya Mfalme bali ni ya mtaa.

Malkia Elizabeth alifariki tarehe 8 Septemba, 2022, majani yalipokuwa yakianza kugeuka rangi, miezi mitatu baada ya sherehe ile. Majira yale ya joto yalikuwa ya mwisho kwake, na kwa wazee wengi walioletwa barabarani kwa viti vya magurudumu siku ile ya Jumapili.

Wahenga walinena kuwa afadhali jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali. Jumapili ile ilipofika jioni, kwa saa zilizoandikwa katika ruhusa ya halmashauri, meza zilikunjwa, vibendera vikateremshwa, na magari yakaanza kupita tena. Sahani zilizobaki zilichanganyika, hata haikujulikana ipi ni ya nani. Ikawalazimu watu kuzipeleka siku ya pili, nyumba kwa nyumba, na kubisha hodi tena. Na safari hii walijua jina la kuita.